Pikipiki Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi, na kwa habari nilizonazo bado ipo. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, hapana. Jina lenyewe ni refu, lina vyeo ndani yake, na kulitamka ukiwa umeketi ni kosa. Mimi magoti yananisumbua, siwezi kusimama kila ninapoitaja nchi yangu. Basi tuiite nchi, yatosha.

Naitwa Mshamu. Nilikuwa tarishi wa serikali tangu ndevu hazijaota mpaka zikaota na kuwa nyeupe. Kazi yangu ilikuwa kupeleka majalada chumba hiki, na kesho yake kuyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo watu wakiniambia serikali yetu haifanyi kitu, nawakatalia. Nimeiona kwa macho yangu ikifanya, tena ikitoka jasho.

Mke wangu anaitwa Sikudhani, ni mkunga, na hadithi hii ni yake na pikipiki yake. Mimi ndani yake ni abiria tu.

*

Lazima kwanza nieleze Sheria ya Uzinduzi, maana wageni hawaielewi na wenyeji wamechoka kuieleza.

Kulichimbwa kisima katika mji mmoja. Siku ya uzinduzi Mkuu wa Nchi alifika akakuta akina mama wameshateka maji tangu alfajiri, wamefua, na nepi za watoto wao wameanika mpaka kwenye kamba za jukwaa lake. Inasemekana wakati wa wimbo wa taifa upepo ulivuma, nepi moja ikadondoka, ikatua begani mwake mbele ya wapiga picha. Alimaliza wimbo, akarudi mjini, na wiki hiyohiyo ikatungwa sheria kwamba kitu chochote kipya kisiguswe na mwananchi kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi.

Vyombo vya magurudumu vikapewa wizara nzima. Waziri mwenyewe huzindua mabasi na malori. Naibu wake wa kwanza, magari madogo. Halafu yuko Naibu Waziri wa Magurudumu Mawili, ambaye huzindua pikipiki, na baiskeli akipata nafasi. Toroli ziko chini ya wakuu wa wilaya.

Tangu hapo nchi imejaa vitu vizuri vyenye utepe. Pale mtoni kwetu kuna daraja la zege. Limekwisha kabisa, lina kingo na taa, na utepe umefungwa huku na huku. Watu wanavuka chini yake, maji kiunoni, ndoo kichwani, na wakifika katikati wanainua macho kulitazama. Shule yetu nayo ina choo kipya. Kuhusu hicho choo sitaki kusema zaidi.

Mimi siilaumu serikali. Utaratibu ni utaratibu. Lakini nina binti mmoja tu, Zena, na ameolewa ng'ambo ya mto, juu kabisa ya kilima cha Nundu.

Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika asubuhi na mtoto akatanguliza mguu. Mumewe, Mbaraka, akatupigia simu. Sikudhani akatoka mbio na mkoba wake, kwa miguu, akavuka mto chini ya daraja, akapanda kilima. Alipofika, mtoto alikuwa ameshaviringishwa kwenye kanga. Alikuwa wa kiume. Walisema muda mfupi tu kabla, bado alikuwa anacheza tumboni.

Mimi nililia, siwafichi. Mke wangu hakulia. Alirudi nyumbani na matope yamemkaukia mpaka magotini, akajaza maji kwenye beseni, akaiingiza miguu yake, akakaa nayo humo mpaka maji yakapoa. Kisha akasema, "Baba Zena, miguu hii sitaitegemea tena."

Zena aliposhika mimba nyingine, Sikudhani aliuza kiwanja alichorithi kwa mama yake akanunua pikipiki. Nyekundu, kiti kirefu, na nyuma ina chuma cha kufungia mizigo. Muuzaji akaileta kwa mkokoteni, kwa sababu kuiendesha kabla ya uzinduzi kusingewezekana. Tukaiingiza sebuleni tukaitazama.

*

Kuendesha alikuwa anajua. Ujanani aliendesha pikipiki ya hospitali ya misheni mpaka ikafa kwa uzee, na leseni alikuwa nayo. Lakini leseni ile ilikuwa na picha ya Mkuu aliyepita, na Mkuu aliyepita, kwa maelezo ya Mkuu aliyepo, hakuwahi kuwepo. Afisa wa leseni akaigeuza mbele na nyuma. Akaniuliza mimi, maana kwetu mwanamke akisimama na mumewe haulizwi yeye.

"Mzee, huyu kwenye picha ni nani?"

"Simjui," nikasema.

Lilikuwa jibu sahihi. Leseni ikachanwa pale pale, na mke wangu akatakiwa aanze upya katika Chuo cha Udereva cha Subira.

Chuo kilikuwa na pikipiki mbili mpya chini ya turubai, hazijazinduliwa. Kwa hiyo wanafunzi walifundishiwa kwenye mabenchi. Msicheke. Yalikuwa mabenchi mazuri, ya mninga, yamepigiliwa usukani wa baiskeli, na kila mwanafunzi alitoa mlio wa injini kwa mdomo wake mwenyewe. Mwalimu Chogo, mtu mpole mwenye koo lililokwaruzika kwa kazi hiyo, alipita katikati yao akiwa ametega sikio.

"Mama Zena, gia ya tatu hailii hivyo. Hiyo ni ya pili, tena umeiunguza."

"Mwalimu, mimi pikipiki nimeendesha tangu wewe hujaoa."

"Za kweli, sikatai. Hapa tunafundisha za serikali."

Jioni mke wangu alirudi nyumbani sauti imemkauka, nikamchemshia tangawizi. Alikunywa huku ameshika tama, akiitazama pikipiki yake iliyosimama kando ya kabati la vyombo. Nilimuuliza leo wamefika wapi. Akaniambia wamepanda mlima, benchi zima, na mwenzake mmoja amezimia kwa kukosa pumzi.

Siku ya mtihani alikuja Inspekta kutoka makao makuu. Kwenye vitendo hakukuwa na shida. Sikudhani alikata kona, akapita mashimo, akafunga breki, na Inspekta aliinama ndani ya kila kona pamoja naye, maana alikuwa mtu makini. Shida ilikuwa kwenye maswali.

"Umebeba mama mjamzito," Inspekta akasema. "Uchungu umemshika. Mbele yako unakuja msafara wa kiongozi. Utafanya nini?"

"Nitapita."

Inspekta akafumba macho kama mtu mwenye jino bovu. Akamfelisha.

Mtihani uliofuata alisema atasimama kidogo, halafu atapita. Akafeli. Uliofuata tena alisema atapiga honi, na Inspekta akaomba aletewe maji.

Ndipo nikamkalisha mke wangu chini. "Mama Zena, tumbo la mtoto linakua. Wape wanachotaka."

"Wanataka nini?"

Nikamnong'oneza. Akanitazama jinsi mtu anavyotazama mchuzi uliochacha. Lakini alikwenda, na alipoulizwa alisimama wima akasema, "Nitazima injini, nitashuka, nitapunga mkono wa kulia, na mtoto nitamwomba asubiri."

Inspekta aliinuka akampa mkono. Alisema tangu aanze kazi hajasikia jibu la kizalendo namna ile. Baadaye tukasikia limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa wizara.

*

Leseni aliipata. Ilikuwa halali, ila haikuwa na nguvu. Nguvu ingeipata siku pikipiki yenyewe itakapozinduliwa. Hilo ndilo tulilobaki nalo.

Akaja Afisa Itifaki, kijana mwembamba anayeitwa Luhende, mzaliwa wa hapa hapa kwetu, ndani ya suti iliyoshonewa mtu mwingine. Akafunga utepe wenye rangi za taifa kutoka kwenye usukani mpaka kwenye taa ya nyuma, akaweka nta, akapiga muhuri. Kila Jumatatu alikuja kusoma mita ahakikishe pikipiki haijatoka kwenda mahali. Hakuwa kijana mbaya. Alikunywa chai yetu, akatupa habari za kamati ya maandalizi.

Kamati ilikuwa na kamati nyingine ndani yake, na mimi nilikuwa mjumbe wa ile ya viti. Tulikutana, tukaahirisha, tukakutana kujadili kwa nini tuliahirisha. Tarehe ya kwanza Naibu Waziri alipata udhuru: alikuwa anazindua kalenda ya mwaka uliobakiza miezi miwili kwisha. Ya pili alikuwa kwenye semina ya kutunza muda, na semina ikachelewa kumalizika. Kila mara wapishi walikuwa wameshachinja, ikabidi mbuzi aliwe na wajumbe ili asiharibike.

Huko sebuleni kuku wetu akaanza kutagia juu ya kiti cha pikipiki. Luhende alisimama akifikiri kama huko ni kukitumia chombo kabla ya uzinduzi. Akaenda kuuliza ngazi ya juu. Hawajamjibu mpaka leo, na kuku mwenyewe tulishamla.

Tumbo la Zena halikujua udhuru. Kila alipokuja kututembelea alikuwa mzito zaidi, anashuka kilima ameshika kiuno, anavuka mto Mbaraka akimshika mkono. Siku moja akasimama mbele ya pikipiki akaugusa utepe kwa kidole.

"Mama, itakuwa tayari?"

"Itakuwa tayari," Sikudhani akasema.

"Mimi naogopa, mama. Nikilala naota mguu."

Mke wangu alikwenda jikoni akakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Nami nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe, nikaichukia nchi yangu kwa muda mfupi. Kisha nikaingia ndani, kwa sababu kamati ya viti ilikuwa inaningoja.

*

Siku ikafika. Turubai lilifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, meza kuu ikawekewa maji ya chupa na maua ya karatasi. Pikipiki tuliibeba mikononi kama mgonjwa, tukaisimamisha mbele na utepe wake. Kulikuwa na kwaya ya akina mama, tarumbeta za shule, askari wawili kwenye lango, na sinia lenye mkasi wa rangi ya dhahabu. Mafuta Sikudhani alikuwa ameyajaza mwenyewe, pomoni, jana yake. Luhende alimuuliza ya nini, akamjibu ni ya kupendezesha.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Jua lilipopanda, mshereheshaji akatangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani. Kwetu "yuko njiani" maana yake ameamka. Kwaya ikaimba. Jua likafika utosini, ikatangazwa yuko njiani zaidi. Kwaya ikarudia nyimbo zilezile kwa kuwa nyingine hawakuzifanyia mazoezi.

Simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mkoba wa ukunga mapajani, maana hajawahi kuuacha. Alisikiliza, akainuka, akamwendea Luhende. Nami nikamfuata.

"Mwanangu, nina mzazi Nundu. Uchungu umemshika."

"Mama, na mimi nina Naibu Waziri njiani."

"Mzazi mwenyewe ni Zena."

"Mpe pole sana. Mwambie avute subira kidogo. Wewe mwenyewe si ulisema mtoto huombwa?"

"Basi niache niende kwa miguu."

"Mmiliki akikosekana, Mheshimiwa atampongeza nani?"

Nikasema, "Anipongeze mimi."

"Mzee Mshamu, wewe ni abiria."

Akawaangalia askari wa langoni, nao wakasogea karibu. Sikudhani akarudi kuketi. Nilimwona anavyoibana midomo. Nikaushika mkono wake, ulikuwa baridi kwenye jua lile.

Simu ikalia tena. Safari hii sauti ya Mbaraka niliisikia hata mimi, alikuwa anapiga kelele. "Mama, mguu! Mguu umetangulia! Kama yule, mama, kama yule!"

Mke wangu alikata simu. Akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Luhende akamkimbilia huku ameinua mikono.

"Mama, tafadhali. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Na mimi kazi yangu ni matumbo."

Akafungua mkoba akatoa mkasi wake.

"Mama! Mkasi wa uzinduzi ni ule wa kwenye sinia!"

"Ule haukati. Nimeujaribu asubuhi." Akaushika utepe kwa vidole viwili, kama anavyoshika siku zote. "Huu ndio umekata vitovu vya nusu ya watu walioketi hapa. Chako pia, Luhende. Ulitoka kimekuzunguka shingoni, umekuwa wa bluu, na mama yako alikuwa ameshaanza kukulilia. Nami sikumngoja mtu."

Akakata.

Sasa hapa mnielewe vizuri, maana wako waliosema baadaye kwamba ulikuwa uasi uliopangwa. Haukupangwa. Ilikuwa mazoea. Mwananchi wa nchi yetu anafundishwa tangu darasa la kwanza kwamba utepe ukikatwa, mikono ipige. Basi utepe ulipoanguka, uwanja mzima ukalipuka makofi na vigelegele. Tarumbeta zikalia. Mshereheshaji, aliyekuwa anasinzia, akashtuka akapaza sauti, "Na sasa imezinduliwa rasmi!" Askari walionyooka kumkamata, mkono ukawapanda wenyewe kichwani, wakapiga saluti. Nilimwona Luhende akiitazama mikono yake kwa mshangao. Nayo ilikuwa inapiga makofi.

Sikudhani akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa vumbi na manyoya ya kuku, kisha ikawaka.

"Panda," akaniambia.

"Magoti yangu, Mama Zena."

"Baba Zena, panda!"

Nikapanda.

*

Barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu. Kila njia panda palikuwa na askari aliyezuia watu tangu asubuhi kwa ajili ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi, wanavyojua wao, ni yule anayepita. Waliona chombo kinakuja kasi na utepe wa taifa unapepea kwenye usukani, wakapiga saluti. Watoto wa shule waliopangwa juani wakapunga vibendera. Mimi nikawapungia pia, kwa adabu, mkono wa kulia.

Darajani askari mmoja alitoka kivulini anafunga vifungo vya shati.

"Ndiye wewe mgeni rasmi?"

"Ndiye mimi," mke wangu akasema, na utepe wa kwanza ukaanguka kabla askari hajamaliza kufunga kifungo cha shingoni. Akapiga makofi. Wa upande wa pili Sikudhani aliukata bila kushuka.

Chini yetu watu walikuwa wanavuka kama kawaida. Walisimama majini wakatutazama tunapita juu ya vichwa vyao. Nilitaka kupunga tena, nikaona aibu, nikamshika mke wangu kiunoni na kufumba macho mpaka Nundu.

Sikudhani aliingia ndani na viatu vyake. Mimi na Mbaraka tukakaa nje, tukigombania kigoda kimoja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukaa na hakuna aliyeweza kusimama. Tulimsikia Zena analia. Tulimsikia mama yake anamwambia taratibu, mwanangu, bado, bado, sasa. Kisha pakawa kimya, na kimya kile, jamani, sitaki kukisikia tena maishani mwangu.

Halafu mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Sikudhani akatoka akijifuta mikono. "Mgeni niliyekuwa namngoja mimi ameshafika," akasema. "Wa kike. Mama yake mzima."

Akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini, akavua viatu. Akaitazama miguu yake. Ilikuwa mikavu. Ndipo alipolia, kwa sauti, kilio kilichokuwa kimengoja tangu lile beseni.

Jioni Mbaraka alifungua redio, nami nimempakata mjukuu. Taarifa ya habari ikasema kwamba alasiri hiyo Mheshimiwa Naibu Waziri wa Magurudumu Mawili alizindua kwa mafanikio makubwa pikipiki ya mkunga Bi Sikudhani, mbele ya mkunga mwenyewe, aliyetoa shukrani kwa niaba ya wazazi wote. Kando yake, redio ikasema, alisimama mumewe akibubujikwa na machozi ya furaha. Kwenye machozi hawakukosea.

Luhende alitueleza baadaye. Mheshimiwa alifika akakuta pikipiki haipo, lakini kamera zipo na hotuba ipo. Wakafunga utepe mwingine kati ya viti viwili vya plastiki, akazindua mahali ilipokuwa imesimama. Mkasi wa dhahabu haukukata. Msaidizi wake akautafuna utepe kwa meno, na watu wakapiga makofi.

*

Mnaweza kudhani yaliishia hapo kwa heri. Pikipiki kweli haikuwa na tatizo tena, redio ilishaizindua, na leseni ikapata nguvu zake. Tatizo lilikuwa mtoto.

Nilikwenda na Mbaraka kumwandikisha. Karani alituuliza mtoto amezaliwa lini, wapi, na nani kamzalisha. Tukamjibu. Akaweka kalamu chini.

"Alasiri ile Bi Sikudhani alikuwa uwanjani anatoa shukrani. Redio ya taifa imesema. Hawezi kuwa Nundu anazalisha."

"Lakini alizalisha," Mbaraka akasema. "Mtoto yupo. Analia."

"Kijana, ama redio ya taifa imesema uongo, ama huyu mtoto hajazaliwa. Semeni ninyi, mimi niandike."

Mbaraka akanitazama. Mimi nina pensheni. Nikasema mtoto hajazaliwa.

Karani alitusifu kwa uelewa, akatupa njia ya kutokea. Kitu kipya kisichotambulika kinaweza kutambuliwa kwa kuzinduliwa. Swali likawa mtoto yuko chini ya wizara gani. Vikao vikakaa. Mwishowe wakaamua kwamba, kwa kuwa gurudumu hana, miguu yake miwili ihesabiwe, na faili likapelekwa kwa Naibu Waziri yuleyule. Mpaka siku ya kuzinduliwa asiandikwe, asichanjwe, asiitwe jina. Kuchanjwa amechanjwa, mkoba wa bibi yake unajua kilichofanyika. Jina analo pia, tunamwita ndani kwa ndani.

Darajani wamefunga utepe mpya, mnene zaidi. Watu wamerudi chini kwenye maji. Sikudhani akiitwa ng'ambo anatoa mkasi, anakata, anapita, na askari anapiga makofi na kufunga mwingine. Wamezoeana. Ila hao wa majini hawana mkasi, na nilipomuuliza mmoja kwa nini asipite nyuma ya pikipiki, aliniambia juu kule kuna upepo sana. Nilichoka, nikaenda zangu.

Jumatatu iliyopita Zena alikuwa kwetu na mtoto, na Luhende akaja na utepe wa kumfunga mkononi, kwa maandalizi. Mheshimiwa, alisema, yuko njiani. Akaketi, tukampa chai. Mtoto alikuwa amelowa, na pini ya nepi haionekani. Sikudhani akatazama huku na huku, akauchukua utepe kutoka mapajani mwa Luhende, akamfungia mjukuu nepi kavu, fundo moja kiunoni, rangi zote za taifa.

"Mama, huo ni utepe wa serikali."

"Ndiyo, mwanangu. Leo umepata kazi."

Luhende aliniuliza kama huko ni kuutumia utepe kabla ya uzinduzi. Nikamwambia akaulize ngazi ya juu. Akasema ataenda, akimaliza chai.

Mtoto alituacha tukibishana. Alitambaa mpaka kando ya kabati ambako pikipiki husimama, akashika gurudumu la mbele, akavuta, akajikaza, akanyanyuka. Alisimama kwa miguu yake miwili, ile iliyoko kwenye faili, anayumba huku nepi ikining'inia, akatugeukia.

Hatukuthubutu kupiga kelele. Zena alijiziba mdomo kwa kanga. Luhende akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akaweka kikombe chini, akapiga makofi polepole asisikike nje.

Hadithi yangu imefika hapo. Mkiulizwa, semeni hamjaisikia. Bado haijazinduliwa.